Barua ya Ijumaa

Mwenyekiti Thembo ameniletea picha kumi na nne.
Katika tisa yumo yeye, mkasi mkononi,
anakata utepe wa ghala lile lile
kutoka pembe mbalimbali.
"Zote ziingie," anasema, "na nembo iwe kubwa,
na salamu za bodi, na za mke wa mhazini,
na rangi zote za chama, Biira, usitufiche."

Nasema ndiyo, mzee. Ndiyo haili bando.

Kisha naketi dirishani. Kasese inatokota,
mabati ya upande wa reli yanalia kwa jua,
nami naanza kufuta.

Kufuta ndiyo kazi. Wengi hudhani ni kuandika.
Nafuta "kwa heshima na taadhima",
nafuta "tunapenda kuchukua fursa hii"
(kila wiki inachukuliwa, haiishi tu?),
nafuta kivuli chini ya herufi,
nafuta ua linalozunguka pembeni kama mlevi.
Panabaki peupe. Panabaki kama uwanja
uliofagiliwa kabla kuku hawajaamka.
Uwanja ukiwa mtupu, mgeni huuona mlango.

Sikujifunza haya darasani.
Aprili ile tulituma barua ndefu kama hotuba ya msibani.
Mstari wa ishirini na tatu, chini ya picha ya keki
ya miaka kumi ya chama, niliandika:
*Nyamwamba unafura, msianike kahawa kando ya mto.*
Nani atafika mstari wa ishirini na tatu
kwa simu yenye ufa, kwa bando la shilingi mia tano?
Muhindo wa Bulembia alifika kwenye keki.
Bando likaisha.
Magunia sita. Na turubai. Na mikeka ya mama yake.
Maji yalipita bila kusoma chochote.

Alikuja ofisini. Hakugomba.
Alininyoshea simu tu, nikaona
keki, nusu imefunguka, krimu ya waridi,
na chini yake kile kiduara
kikizunguka,
kikizunguka.

Tangu siku hiyo nakiandikia kiduara kile.

Kichwa cha barua: *Lori Bulembia Jumanne saa mbili.*
Mtu akikisoma hicho tu na asifungue,
bado nimempa kitu cha kwenda nacho shambani.
Herufi za aina moja, nyeusi juu ya nyeupe,
nzi kwenye maziwa: nani asiyemwona?
Bei ya kilo peke yake, mstari wake, hewa juu na chini.
Picha moja nyepesi: kiganja na buni tatu,
ili usiniulize tena nyekundu ipi ndiyo mbivu.
Kitufe kimoja, kipana,
kwa kidole gumba chenye utomvu wa ndizi:
*Nitaleta.*
Na chini kabisa, mlango wa kutokea.
Asiyetaka barua zetu aage. Sishiki mtu shati.

Najaribu kwanza kwa dada yangu Kabugho, kule Kyarumba,
simu yake ina umri wa mwanawe wa tatu.
"Imefika," ananipigia. "Ni hiyo tu?"
"Ni hiyo tu."
"Haya, kwaheri, maharage yanaungua."
Sijawahi kusifiwa vizuri hivyo.

Ijumaa, Thembo anaivuta skrini karibu na miwani.
Anashuka. Anapanda. Anashuka tena; safari ni fupi.
"Mimi niko wapi?"
Namwonyesha: jina lake, na namba ya simu ya kuuliza.
Ananyamaza. Kisha mfuko wake unaanza kulia,
mtu wa Maliba anauliza kama magunia mawili yanatosha,
naye anatoka nje, kifua mbele, kujibu.

Jumanne nilikwenda na lori.
Muhindo alikuwa amefika, amekalia magunia yake manne,
anamenya chungwa.
Nikamuuliza, nikijifanya sijali:
"Barua uliisoma?"

Akatema mbegu.
"Kumbe ilikuwa ya kusoma?
Mimi niliiangalia tu."