Zipu

Jumapili, saa moja na nusu asubuhi. Toyama, theluji hadi dirishani.
Noriyasu yuko mkekani, magoti yanalia,
mwaka wa arobaini na moja.

Mashujaa wamepokezana kumi na tisa:
mikanda mipya, pikipiki mpya, kofia za kila rangi.
Machimbo wanamopigania ni yaleyale;
lile jabali lenye ufa analijua kama jirani.

Leo dubwana limegeuka.
Chinatsu, miaka sita, wali ungali shavuni:
"Baba, mgongoni ana zipu!"

Naye aliiona, akiwa na miaka saba,
wiki ile baba yake alipohama.
Hakumwambia mtu.

"Polepole," anamnong'oneza,
"hajui kama tumeona.
Mna mtu mle, kalowa jasho.
Mwache apigane."