Pole ya Golikipa

Mchana mwanangu Azzan anaishi kwa lugha mbili:
Kiarabu cha skuli, Kiingereza cha simu.
Kiswahili ukimsemesha anakujibu kwa mabega.
"Nakifahamu, mama," husema,
kama mtu anayeifahamu njia ya kwao
na haipiti.

Lakini usiku, hapa Mabela, saa nne na nusu,
nje joto bado digrii arubaini,
kiyoyozi kinakoroma kama mgonjwa wa pumu,
Azzan anafungwa goli,
na ukutani napata:
"Mama yangu weee! Nimekwisha! Nimekwisha mie!"

Hicho si cha skuli.
Hicho cha Bi Shinuna mtupu, mzaliwa wa Wete,
aliyeshuka nacho Matrah pamoja na mbuzi ya nazi
wakati nazi zenyewe hazikuwapo.

Bibi anatoka chumbani, kanga kaigeuza,
kidole bado kimeshikilia tasbihi asipoteze hesabu:
"Nani kafa?"
"Hakuna, bibi. Nimefungwa."
"Na nani?"
"Na mtu wa Sohar."
"Wamjua?"
"Simjui."
"Na ndiyo unamlilia hivi?"

Alikuja kukemea, akakaa.
Wiki ya kwanza alitazama nyasi tu:
"Hizi zamwagiliwa na nani, jua lote hili?"
Ya pili akamtambua mwenye mpira.
Ya tatu, refa alipokataa penalti,
alivua kiatu.

Si yeye peke yake.
Mjomba Nabhan, meneja wa bima,
mtu wa "tutaliangalia, inshallah",
kofia yake ya kudarizi ilifika kwenye feni.
Aliliomba radhi kochi, akauomba radhi ukuta,
mkewe akamwachia mwisho.

Na mimi? Wacha niseme, maana nawasema wenzangu.
Mimi nina peremende zangu kwenye simu,
zikikutana tatu zinapasuka.
Nilikuwa ndani ya gari, nje ya benki,
injini inawaka kwa ajili ya ubaridi,
hatua ya mia mbili na kumi na mbili,
imenibakia nafasi moja.
Nikakosa.
Nikalia hata wanja ukashuka kwenye kola.
Talaka yangu ilikuwa na siku tisa.
Siku zote tisa nilikuwa nawaambia watu
mie mzima, alhamdulillahi.

Juzi Azzan kashinda, dakika ya tisini na tatu.
Karuka juu ya meza, kambusu bibi utosini,
kapiga kelele kwa lugha zote alizonazo.
Bi Shinuna hakuwa naye.
Alikuwa akitazama pembeni, chini ya kioo,
golikipa wa upande wa pili kapiga magoti,
mikono kichwani,
vile vile wanavyompigisha kila siku.

"Na huyu? Mbona hapana anayemwinua?"
"Bibi, huyo si mtu. Kachorwa tu."
"Naona kachorwa.
Na magoti kapiga."

Akajikokota mpaka mbele ya televisheni,
akaweka kidole juu ya jezi ya njano
na kioo kikaacha alama ya mafuta ya nazi.
"Pole, mwanangu. Kesho, Mungu akipenda."

Azzan alicheka mpaka akapaliwa.

Jana nilipita ukumbini na nguo za kupigwa pasi.
Bibi kalala. Mlango umerudishwa nusu.
Tatu bila, na mshindi yeye,
mtu wa Sohar keshakimbia zake.
Kitufe cha kuendelea kinamemetameta
na Azzan hakibonyezi.
Kainama. Mdomo karibu na kioo,
kama anayechelea kusikiwa:

"Pole, bwana.
Pole sana."

Nikasimama pale pale na mashati mkononi,
nikizishika hengi zisigongane.