Taarifa ya Saa Nane Usiku

Simu ilitetemeka juu ya debe la mahindi,
ikazunguka kama kumbikumbi aliyekatika bawa.
Saa nane na robo. Lurambi nzima imelala
isipokuwa mbwa wa kina Shitanda
na mimi, fundi wa maabara ya fizikia,
mpokea tanzia za mbinguni.

Ujumbe haukuwa na salamu.
Nambari, pembe mbili za anga, neno moja: mlipuko.
Sekunde kumi na moja.

Kule juu, nje ya blanketi la hewa,
chombo kilikuwa kikihesabu miale ya gama chembe kwa chembe,
kama karani wa mizani apokeavyo miwa,
trekta moja, kimya, trekta moja,
mara trekta za kaunti nzima zikafika pamoja
zikipiga honi.
Kisha zikaondoka zote.
Karani akabaki na kalamu mkononi.

Chombo kikageuza shingo, kikatafuta moshi wa moto ule,
kikakuta kaa dogo pembeni mwa giza.
Habari ikateremshwa Malindi, ikavuka bara na bahari,
ikanifikia kabla sijaipata kandambili ya pili.

Mama akaingia na taa ya sola, leso begani.
"Nani amekufa?"
Kwetu simu ya usiku haina swali lingine.

Nyota, mama.

"Ya wapi?"

Mbali. Mwanga wake umesafiri miaka bilioni kumi na moja.
Ilipokufa hakukuwa na dunia,
wala jua, wala mto Isiukhu.

Akakaa juu ya ndoo, akafikiri.
"Basi mmechelewa matanga."

Nilicheka. Kicheko kikanilegeza ulimi.
Nikamweleza kwamba miale hiyo haifiki chini,
hewa huimeza yote, ndiyo maana tu hai,
na anayetaka kuiona sharti apande juu ya blanketi.
Ningeishia hapo.
Lakini nikaongeza, mjinga mimi,
kwamba zamani chombo kimoja kilichotumwa kuzitazama nyota
kilipigwa na miale kutoka chini,
kutoka huku kwetu,
hata wataalamu wakadhani kimelewa.
Kumbe ni mawingu. Radi ikichanua
hurusha juu miale ya ukoo uleule,
muda mfupi kuliko kope kugusana.

"Mawingu kama ya hapa?"

Kama ya hapa.

Mbwa wa kina Shitanda akanyamaza.
Mama, ambaye soko zima bado linamwita Mama Ashioya,
akaizima taa ili asinione usoni, au nisimwone.

"Ile ya Aprili, waliiona?"

Nikafungua kompyuta. Nikaingia kwenye daftari la chombo,
nikashuka mwaka hadi mwaka, hadi Jumanne ile:
saa tisa na dakika arobaini, mvua ya mawe kwanza,
kisha uwanja wa shule, milingoti ya goli ya chuma,
na golikipa wa darasa la saba aliyekataa kukimbia
kwa sababu refa hajapuliza kipenga.

Chombo kilikuwa upande wa pili wa dunia,
juu ya maji matupu,
kikitazama kwa makini mahali pengine.

Hakuna kitu, mama. Mstari mtupu.

Hakulia. Alisema:
"Nilikuwa naanua maharagwe.
Niliona weupe kabla ya sauti.
Nikahesabu, kama yeye mwenyewe alivyonifundisha,
nijue iko umbali gani.
Moja. Mbili.
Sikufika tatu."

Ng'ombe akalia zizini. Mama akatafuta ndoo
aliyokuwa ameikalia.
Mlangoni akageuka:
"Si unayo kalamu? Andika hiyo."

Nimeandika.
Lurambi, Jumanne, saa tisa na dakika arobaini.
Mwelekeo: shuleni.
Chombo: mama mmoja, mikono imejaa maharagwe.
Muda: haukufika tatu.