Fahali

Mwaka wa nne sasa, na Zuwena amekunywa kila kitu:
habasoda na asali, maji ya kombe,
majani ya mwanamke mmoja wa Bidiya
yaliyomtapisha usiku kucha.
Shangazi Thuraya alimkanda tumbo kwa samli
akasema kizazi kimepinda.
Mimi nikasema, basi kinyoosheni,
nikarudi kwenye lori.

Neno mgumba halina jike wala dume,
lakini likitajwa sebuleni macho yote
humwendea yeye na sinia lake la kahawa.
Mimi nani angenitazama? Nina mabega, nina ndevu,
naendesha magurudumu kumi na nane
Ibra hadi Haima, Haima hadi Salala,
injini chini ya mapaja kama tanuri la mkate,
jua la Juni, kiti cha plastiki,
makopo matatu ya kinywaji cha nguvu, pakiti mbili kwa siku.
Subira huvuta heri, mama akiniambia kwenye simu.
Nami nikivuta.

Hospitali, Maskati. Muuguzi kijana
alinipa kikombe chenye jina langu kwa wino wa buluu,
Sleyum bin Mbarouk,
akatazama pembeni kwa adabu.
Nimebeba saruji, nimebeba mabomba ya mafuta;
sijapata kubeba kitu kizito kama kile kikombe.

Majibu: wachache. Na hao wachache, wavivu.
Daktari hakusema wavivu, hilo ni langu.
Yeye alisema mwendo wao hafifu.
Punguza joto, akasema.
Joto! Oman!
Tukacheka wote wawili, kisha nikajikuta nacheka peke yangu.
Acha sigara. Lala usiku, si mchana ndani ya lori.
Tembea. Kula samaki, lozi, majani mabichi.
Tupa hiyo suruali ya kubana, vaa kikoi kama babu yako.
Na usinunue vidonge vya vichochoroni.
Mbegu ya leo ilianza kuumbwa miezi mitatu nyuma,
kwa hiyo usinijie wiki ijayo.
Njoo baada ya siku tisini.
Siahidi kitu, akasema.

Nilikuwa na maneno mawili tu ya kumpelekea Zuwena,
nikayazungusha mdomoni Bidbid yote, vituo vyote vya petroli.
Nilimkuta anachambua mchele.
Nikasema: Ni mimi.
Hakuinua kichwa. Akatoa kijiwe, akakiweka kando.
Miaka minne, Sleyum.
Basi. Akalala chumba cha wageni,
na asubuhi nikakuta pakiti zangu zote
zimelowekwa ndani ya ndoo ya kudekia.

Sasa ni Februari, shamba la baba, zamu yetu ya maji ya falaji.
Waarabu wa hapa mtende dume huuita fahali.
Kwetu fahali ni ng'ombe, pembe na kishindo.
Huu umesimama tu ukutani, kimya,
haufanyi lolote mpaka mtu aupande,
apasue karara, atoe vishada vyenye vumbi jeupe
avibebe kifuani kwa majike, mmoja baada ya mwingine,
avifunge kwa ukili.
Kazi hii naifanya tangu sijabalehe
na sikuwahi kuuliza
kama lile vumbi lingali hai.

Leo nalinusa. Nalipuliza kidogo kiganjani.
Zuwena yuko chini, ameshika kamba,
anapiga hesabu ya mitende na, najua, ya siku.
Sitini na moja, anasema.
Namwambia kutoka juu, maana juu ni rahisi:
nilivuta moja. Siku ya tisa, nyuma ya msikiti.

Nilijua, anasema. Ulinuka.

Kisha anaivuta kamba, taratibu, kuona kama imeshika.
Haya, panda. Bado kumi na miwili.