Simile, Punda Apita

Mkataba ulisema Jumatatu. Viza haikusema kitu.
Basi nikaanza kazi ya Gothenburg
ndani ya wikio la nyumba yetu, Mkomani,
kompyuta juu ya sinia la biriani
maana meza ilikataa kupita mlangoni.

Kuta za matumbawe hazipendi intaneti.
Unene wa dhiraa nzima: babu alizijenga zizuie jua,
nazo zikamzuia na Bwana Lindqvist,
akawa akatika kila afikapo kwenye neno lenye maana.
Nikahamia dirishani, shingo nje, kama kuku wa mnada.

Kazi yenyewe ni kuyafunza magari kuona.
Mimi, Swafiya binti Famau,
niliyefika darasa la sita ndipo nikapanda gari,
kule Mokowe, nikatapika kabla hatujafika Hindi.

Waniletea picha za barabara
pana, kavu, zisizo na mtu wa kuamkiwa,
nami nachora visanduku: hili gari. Hii baiskeli.
Huyu mtu. Huyu mtu na mbwa wake. Hili gari tena.
Mama apita na kikapu, achungulia:
"Wakulipa kwa kutaya zitu?
Khadi wa jirani ana miaka miwili, afanya bure."

Siku ya tatu, mkutanoni,
saa tatu yao, saa nne yetu,
nyuso tisa ndani ya visanduku tisa,
chini yangu akapita Ami Bwanaheri na punda wanne wa mchanga,
"Simile! Simile, nyie!"
Sauti ikapanda ngazi, ikafika Uswidi.

Wakauliza, nani huyo, amekasirika?
Nikasema, hapana, aomba njia.
Na punda, yuko wapi kwenye orodha yenu?
Wakatafuta. Farasi yumo. Kulungu yumo.
Hata kiti cha plastiki kilichopeperushwa na upepo kimo.
"Huku hakuna punda," akasema Lindqvist, kwa upole,
kama mtu akufungiaye mlango huku amekushika mkono.

Usiku stima ikapotea. Betri ina saa moja na robo.
Nikateremka na simu, nikapiga picha:
punda uso kwa uso,
punda makalio tu,
punda aliyebeba friji,
punda na mtoto juu yake (ni kitu kimoja au viwili?),
na Shilingi, wa Ami Bwanaheri,
amelala katikati ya njia na hana miadi na mtu.
Mia mbili na kumi na saba.
Kisha nikaandika sheria, mistari sita:
njia ikiwa finyu, na mbele yuko asiyekusudia kupisha,
gari lisimame. Lingoje. Lisipige honi.
Mashine ikadai jina la sheria.
Nikaandika: simile.

Wiki nzima kimya.
Halafu Oskar, kijana wa huko, akaniandikia:
gari la majaribio limemsimamia bibi mmoja
aliyekuwa akiokota viazi vyake vilivyomwagika,
likangoja hadi kiazi cha mwisho,
na kwenye kumbukumbu limeacha neno hili. Maana yake nini?
Nikaanza kumweleza. Nikafuta.
Nikaanza tena na punda.

Viza ikaja Ijumaa, baada ya sala.
Mama akanitungia, akanikabidhi kwenye risiti ya unga:

    Mwanangu kipata ndia
    usende ukikimbia,
    gari halina udhia
    kama mja na ulimi.

    Baridi ikikwingia
    shali yangu jifungia,
    Rabbi atakujalia
    urejee kwangu mimi.

"Ya pili nimeiharakisha," akasema. "Usimsomee mtu."

Leo alfajiri Shilingi amebeba sanduku langu.
Namfuata kwa nyuma, kuelekea gatini.
Kichochoroni wamesimama watu, wametuziba,
na zamu ya kuita ni yangu, safari ni yangu,
nafungua kinywa, hakitoki kitu.
Ami Bwanaheri akaniangalia, akatazama pembeni,
akaita yeye.