Daftari la Mweka Hazina

Mimi sichori. Hilo lijulikane mapema.
Mimi nashika daftari, na ufunguo wa stoo
iliyo nyuma ya gereji, huku Bondeni,
ambako tapentaini na oili chafu
zimeishi pamoja hadi harufu zao zimefanana
kama mke na mume.

Maonyesho ni Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka.
Fremu kumi na saba hazina vioo.
Nyaboke anasema vioo vitakuja.
Vitakuja na nini, Nyaboke? Mkono mtupu haulambwi.

Mvua imeanza kunguruma upande wa Menengai.
Jana usiku kumbikumbi waliivamia taa,
wakanasa kwenye picha mbichi ya Mukhwana.
Aliwabandua mmoja mmoja kwa ncha ya kisu,
mabawa akayaacha.
Anasema yanafaa kuwa mawingu.

Ugomvi wa mwaka huu ni wa heroe.
Wanunuzi wanawataka, waridi tupu, elfu kwa maelfu,
ziwa zima limejifunga kanga.
Lakini ziwa limepanda.
Limemeza lango la zamani, limemeza barabara,
na migunga imesimama majini, mikavu, myeupe,
kama watu waliosahau walichokuja kufanya.
Heroe wameifuata chumvi yao Bogoria.

Gathoni akasema: tuwachore walivyokuwa.
Kiprugut akasema: hiyo ni picha ya kuweka juu ya jeneza.
Wakarushiana maneno hadi chai ikapoa.
Simatwa hakusema kitu.
Miaka kumi na tisa alikata tiketi kwenye lango lile.
Amekichora kibanda chake chini ya maji,
kalenda ukutani, kiti chenye mguu uliofungwa waya,
na dirishani ngege mmoja
kama anayengoja chenji.

Basi twende tukaone, nikasema mimi, nisiyechora.
Nikatoa nauli na kiingilio, nikaandika.

Tulikuwa kumi na mmoja, na chupa tatu za chai,
mbao za kuchorea begani kama mafundi wa paa.
Mvua haikutupa hata nusu saa.
Buluu ya Were ilimtoroka, ikashuka karatasi nzima,
ikawa anga ambayo hakuikusudia.
Akatia sahihi hivyo hivyo.
Mwari walipita chini chini, wazito, wamenyamaza.
Furukombe akapiga ukelele juu ya mgunga uliokufa,
na Gathoni, bado amenuna, akamchora.

Kemunto wa Nyaboke, miaka saba, ndiye aliyemwona.
Pale maji yalipolamba nyasi,
ndege mmoja, shingo ndefu, miguu ya vijiti,
rangi ya jivu la jana.
"Mama, huyu hajapakwa."

Kinda la heroe, akanong'ona Kiprugut.
Huanza hivyo. Waridi huja na chakula, polepole,
na mwingine husubiri hata miaka mitatu.
Lilikuwa limepindua kichwa, linakoroga tope,
linatafuta kitu ambacho labda hakikuwapo,
na halikuwa na haraka.
Sijui lilibaki kwa nini, au lilirudi na nani.
Kumi na mmoja sisi, penseli mkononi,
na hakuna aliyechora.
Mvua ilituingia kolani, tukaiacha.

Tangu siku ile stoo haina kelele.
Vioo kumi na viwili vimefika, vitano kwa mkopo.
Kopo la waridi liko palepale rafuni, halijafunguliwa,
na Gathoni hulitazama anapopita
kama jirani aliyekosana naye.

Leo nimekwenda dukani kununua misumari.
Nimeandika, kwa mwandiko wangu wa kila siku:
misumari, robo kilo.
Kamba, mita kumi.
Brashi ndogo, moja.
Rangi ya kijivu, chupa moja, shilingi mia mbili na themanini.

Kwenye safu ya jina la mchoraji
sijajaza.