Maili za Marehemu

Kwetu kadi ilikuwa ya mchango wa harusi,
elfu hamsini kwa wino wa bluu,
au ya kliniki, yenye mstari wa uzito wa mtoto.
Wewe ukaleta ya plastiki, Baba Aikande,
ukasema: hii ukiitumia, inakulipa.
Nikacheka. Nani amewahi kulipwa kwa kutumia?

Ukalipia dizeli, ukalipia saruji,
ada ya Aikande, dawa ya kuogeshea ng'ombe.
Mwenye duka pale Double Road akanuna
akiitafuta mashine chini ya vitabu vya risiti.
"Kwani huna taslimu, mzee?"
Ulikuwa nayo. Ukasimama tu,
ukingoja karatasi itoke kama ulimi.
Usiku ukahesabu: elfu moja mia mbili na kumi.
Za nini?
"Maili," ukasema.
Na hatujatoka hata hapa Rau.

Kahawa ndiyo iliyokurusha.
Kazi ya kuonja: kufyonza kwa kelele, kutema,
kusema hii ina limau, hii ina moshi wa jiko la mtu.
Hamburg. Trieste. Jina la tatu sikulishika.
Kila ukirudi maili zimezaa,
nami nimekaa KIA kwenye benchi la chuma
na sweta lako mapajani.
Tutakwenda wote, zikifika elfu hamsini.
Zikafika. Wenye ndege wakapandisha: sitini.
Mkungu gani huu, nikakuuliza,
kila nikishika panga mgomba unarefuka?

Tulikuzika Jumamosi, Mbokomu, uso kuelekea Kibo.
Baada ya tanga ukoo ukakaa kugawa.
Koti la sufu kwa mdogo wako. Mtamba kwa shangazi.
Kihamba, mpaka ule wa masale hadi ule wa mfereji, kwa mwanao.
Deni la SACCOS, kwangu.
Hata deni lina mrithi.
Maili hakuna aliyezitaja.

Nikapiga simu kwa wenye ndege,
nikauliza kama mtu anayemuulizia jirani:
mwenye maili akifa?
Binti mwenye sauti ya maziwa: "Zinakufa naye, mama."
Kisha, taratibu: "Tukiarifiwa."

Tukiarifiwa.
Nililala na neno hilo, likanipiga mateke hadi saa nane.

Neno la siri nalijua:
jina la ng'ombe wetu wa kwanza, na mwaka wa ndoa.
*Karibu tena, Bwana Kimambo.*
Nikafunga. Nikaenda kunywa maji.
Nikafungua.
Elfu sitini na moja, mia nne.
Jina la abiria? Nikaliandika langu lote, Ndeonasia Elisante,
kama lilivyo kwenye pasi uliyonikatia mwaka juzi,
kurasa zote nyeupe kama mahari iliyokataliwa.
Kwenda wapi?
Trieste. Kwa sababu ulisema kule upepo una ukorofi
hata watu waliwahi kufungiwa kamba mitaani wajishike,
nami nilidhani unanitania,
na wewe si mtu wa kufa ukiwa umeniachia utani usiojibiwa.

Viza itanichosha, najua. Na baridi.
Na tiketi ya bure, kumbe, ina kodi:
laki tatu na arobaini. Bure yenye risiti!
Nikatoa ile kadi kwenye Biblia ilikolala,
nikasoma tarakimu moja moja kwa miwani yako.
Ikakubali.
Simu yako ikatetemeka juu ya kabati,
simu ambayo bado naichaji, sijui kwa nini.

*Hongera, Bwana Kimambo.
Umejipatia pointi mia tatu na arobaini.*

Nikakaa kitandani upande wako.
Umelala kule juu kwenye migomba, mume wangu,
na bado unachuma.

Nitawaarifu. Mimi si mwizi.
Nitawaarifu nikirudi.